Moto wa Mfua Fedha: Je, Kutakaswa ni Kutupwa?

Liko swali moja ambalo kila kanisa la kijijini hulikuta, kubwa au dogo. Wazee wamekaa barazani, na mbele yao amesimama mtu aliyetengwa zamani kwa kosa zito. Tuseme alikuwa mtunza sanduku la kanisa, akala fedha za sadaka pamoja na fedha walizowekewa wajane. Sasa amerudi, asema ametubu, aomba kurudishwa katika ushirika. Ndipo huinuka sauti mbili. Mzee mmoja asema, “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na aingie, tusahau.” Mwingine amjibu, “Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Na akae nje, asije akatuharibia wengine.” Na watu wengine hukaa kimya, maana mithali zote mbili wamezisikia kwa baba zao, wala hawajui waishike ipi.

Swali hili si la vijiji vyetu tu. Taifa zima la Israeli lilisimama mahali pa mtu yule, na manabii wa Waebrania walilifikiri muda wa miaka mia mbili na zaidi: Je, watu waliochafuka waweza kusafika? Na wakisafika, warudishwe? Mimi nasadiki ya kuwa manabii wanazikataa sauti zote mbili, kwa sababu kila moja imekata kazi ya Mungu vipande viwili, ikashika kipande kimoja. Mmoja ataka kurudisha pasipo kusafisha. Mwingine ataka kusafisha pasipo kurudisha. Tuwasikilize manabii, tuone jinsi wanavyoviunga vipande hivyo.

Kwanza tuzikumbuke nyakati zao. Isaya alihubiri Yerusalemu katika karne ya 8 kabla ya Kristo, siku zile Samaria ulipotekwa na Waashuri, mwaka 722. Yeremia aliitwa katika mwaka wa 13 wa mfalme Yosia, yapata mwaka 627, akaishi hata akauona mji wa Yerusalemu ukiteketezwa na Wababeli mwaka 587, ingawa wengine wahesabu 586. Ezekieli alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka mapema, pamoja na mfalme Yehoyakini, mwaka 597, naye akatabiri huko Babeli. Mwaka 539 Koreshi wa Uajemi aliutwaa Babeli, na mateka wakapata ruhusa ya kurudi kwao. Zekaria alinena kuanzia mwaka 520, hekalu lilipokuwa likijengwa tena. Nalo likamalizika mwaka 515. Malaki alikuja nyuma yao wote, hekalu likiwa limekwisha simama. Tulishike hili la Malaki, maana litatufaa mbele.

Basi tuanze na moto. Manabii wanapotaka kunena habari za kusafishwa, mara nyingi huchukua mfano wa mfua fedha. Na fedha hapa ni ile madini yenyewe. Katika nchi zile za kale fedha nyingi ilipatikana ikiwa imechanganyika na risasi. Mfua fedha aliiweka katika chombo kipana kisicho na kina, kilichofanyizwa kwa udongo au kwa majivu ya mifupa, akawasha moto mkali, akapuliza hewa kwa mifuo. Kila aliyekaa karibu na mhunzi aijua kazi ya mifuo, lakini kazi hii yataka uangalifu zaidi, kwa maana fedha huyeyuka kwa joto la digrii 961 za sentigredi. Risasi ikipigwa na hewa katika moto huo hugeuka kuwa kitu kama kutu iliyoyeyuka, ikachukua pamoja nayo shaba na taka nyingine, ikanywewa na kile chombo au ikaondolewa juu. Fedha peke yake haigeuzwi. Hubaki, tena hung’aa kuliko kwanza.

Sasa na tuulize: moto ule uliwashwa kwa ajili ya nini? Je, kwa ajili ya risasi? La. Hakuna mtu ateketezaye kuni na kuchoka mikono kwa mifuo ili apate taka. Moto wote ni kwa ajili ya fedha. Mfua fedha ameamini, kabla hajawasha moto, ya kuwa ndani ya donge lile jeusi mna kitu cha thamani ambacho hataki kukipoteza. Kwa hiyo Malaki, katika mlango wa tatu, anaponena ya kuwa Bwana atawasafisha wana wa Lawi kama dhahabu na fedha, asema ataketi kufanya kazi hiyo. Mtu atupaye takataka haketi. Hutupa, akaenda zake. Mtu aketiye anatazama, maana moto ukipungua taka hazitoki, na ukiachwa pasipo kuangaliwa kazi yote yaharibika.

Hapo twaona kosa la mzee aliyenena habari za samaki. Mithali yake ni ya kweli kwa samaki. Samaki aliyeoza hana dawa. Hata ukimwosha kwa bahari nzima hatakuwa mzima tena. Lakini manabii hawakumfananisha mtu na samaki. Walimfananisha na fedha iliyoingiwa na taka, na vazi lililoingiwa na uchafu, na shamba lililoingiwa na magugu; vitu ambavyo mwenyewe bado avitaka. Hata katika Torati, mwenye ukoma alipopona, kuhani hakumngoja ndani ya kambi, bali alitoka nje kumwendea huko alikokaa. Ndivyo isemavyo Walawi mlango wa 14. Akaoga, akafua nguo zake, akahesabu siku saba, na shughuli zote zilikuwa na mwisho mmoja: arudi hemani mwake. Kutengwa kulikuwa njia. Kurudi ndiko kulikokuwa mwisho wa safari.

Lakini yule mzee wa kwanza asifurahi upesi, kwa maana manabii wana neno zito kwake pia. Siku za Yeremia walikuwako makuhani na manabii waliowaambia watu kwamba mambo ni salama, hali hayakuwa salama. Yeremia aliwafananisha na mganga afungaye kidonda juu juu. Kila mtu ajua mwisho wa kidonda cha namna hiyo. Juu ngozi imefunga, watu wasema amepona, kumbe chini usaha wazidi kula nyama. Na siku kitakapopasuka, mguu wote utakuwa hatarini. Kusema “tusahau” kabla kidonda hakijakamuliwa si huruma. Ni uvivu uliovaa nguo za huruma, maana kukamua kwaumiza mikono ya mganga na masikio yake pia.

Yeremia huyo huyo, katika mlango wa pili, awaambia watu kwamba hata wakijiosha kwa magadi na sabuni nyingi, doa la uovu wao labaki mbele za Mungu. Sisi twayajua magadi. Yako maziwa katika nchi zetu za Kenya na Tanzania yatoayo magadi meupe kama chumvi, na akina mama huyatia jikoni, na wavuta ugoro huyachanganya na tumbako. Watu wa kale waliyatumia kufulia. Na sabuni yao haikuwa mche kama huu wetu. Ilitokana na majivu ya mimea. Dobi alizilowesha nguo, akazikanyaga kwa miguu. Hiyo ilikuwa dawa kali kuliko zote walizozijua. Basi Yeremia anena ya kuwa iko namna ya uchafu isiyofikiwa na magadi, kwa sababu haiko juu ya nguo, imo ndani ya mwenye kuvaa.

Tena Malaki atuonyesha jambo la ajabu kuhusu kurudishwa pasipo kusafishwa. Watu aliowahubiri walikuwa wamekwisha rudishwa! Walikuwa na nchi, walikuwa na mji, walikuwa na hekalu jipya, na makuhani walikuwa madhabahuni kila siku. Machoni pa mtu, kila kitu kilikuwa kimerejea mahali pake. Lakini walimletea Bwana wanyama vipofu na vilema, ambao wasingethubutu kumpelekea liwali wao. Waume waliwatenda kwa hiana wake wa ujana wao. Tena katika mlango wa tatu, mara tu baada ya kunena habari za moto na sabuni, nabii awataja wale ambao Bwana atawashuhudia juu yao: wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na hao wamdhulumuo mwenye kuajiriwa mshahara wake, na kumwonea mjane na yatima, na kumnyima haki mgeni. Basi moto ule wa mbinguni washuka moja kwa moja mpaka kwenye ujira wa kibarua. Mtu aweza kurudishwa katika kiti chake kanisani, jina lake likaandikwa tena kitabuni, asiwe amesafishwa bado, kama ujira wa mtu ungali mfukoni mwake.

Isaya alikuwa amekwisha kusema vivyo hivyo zamani. Katika mlango wa kwanza autazama mji wa Yerusalemu, aona fedha yake imekuwa taka na divai yake imetiwa maji. Akaeleza maana yake waziwazi: wakubwa wapenda rushwa, na kesi ya mjane haiwafikii. Ndipo Mungu aahidi kuziyeyusha taka zile. Na baada ya taka kutoka, atawarudisha nini? Waamuzi wema, kama hapo kwanza; kisha ndipo mji utakapoitwa mji wa haki. Kusafishwa kwa mji kwaonekana barazani pa hukumu, wakati mjane anaposikilizwa kama tajiri.

Hapa mtu mwenye fikira ataleta swali gumu, nalo lafaa lijibiwe. Atasema: “Ikiwa doa liko ndani, na magadi hayafiki, basi kwa nini kuniamuru nijisafishe? Mgonjwa hujikata mwenyewe kidonda kilicho mgongoni?” Kweli, manabii wanena maneno mawili yaliyo kama yapingana. Katika Ezekieli mlango wa 18 watu waamriwa wajifanyie moyo mpya. Katika mlango wa 36 Mungu asema atawanyunyizia maji safi, na moyo mpya atawapa yeye, akiuondoa ule wa jiwe. Ni nabii mmoja, na kitabu kimoja. Naona jibu ni hili. Mkulima hawezi kuotesha mbegu. Kuota si kazi yake. Walakini asiyelima hana haki ya kungoja mvua, na mvua ikija itampita. Kuugeuza moyo ni kazi ya Mungu. Lakini mkono wangu naweza kuufungua leo, nikarudisha nilichokitwaa. Amri yatuamsha tuanze, na tukianza twatambua kwamba nguvu haikuwa yetu. Aliyeokota jembe hapaswi kujisifu kwa ajili ya mvua.

Basi turudi barazani kwa yule mtunza sanduku. Neno lililo karibu zaidi na kesi yake lapatikana katika Ezekieli mlango wa 33. Nabii asema, mtu mwovu akighairi, akarudisha rehani aliyoitwaa, akarudisha alichonyang’anya, akaendelea katika sheria za uzima, ataishi. Wala dhambi zake hazitakumbukwa juu yake hata moja. Angalieni jinsi maneno mawili yalivyofungwa pamoja. Kwanza, arudishe. Kwa Torati aliongeza na sehemu ya tano juu yake, yaani aliyekula shilingi 100 alipe 120. Mwenye kutubu kwa machozi tu, na mali ya mjane angali nayo, hajatubu, ameloa tu. Na ikiwa hana kitu, na aanze kulipa kidogo kidogo mbele ya mashahidi, kwa jembe lake. Lakini pili, akiisha kufanya hayo, dhambi zake hazikumbukwi juu yake. Hapo ndipo watu waliponung’unika, wakasema njia ya Bwana si sawa. Nao wenye kunung’unika hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa Mungu wenyewe. Ni jambo la ajabu katika moyo wa binadamu, kwamba twaweza kuvumilia hasira ya Mungu kwa jirani, tusivumilie msamaha wake.

Zekaria aliliona jambo hili kama katika picha, katika mlango wa tatu. Yoshua kuhani mkuu amesimama mbele ya malaika, amevaa nguo chafu sana, na Shetani amesimama karibu ili amshitaki. Wala mashitaka hayakuwa ya uongo. Nguo zilikuwa chafu kweli. Lakini Bwana amkemea mshitaki, na Yoshua avuliwa nguo zile, avikwa safi, na kilemba safi kichwani. Ndipo, akiisha vikwa, aamriwa aende katika njia za Bwana na kulinda nyua zake. Basi na tujihadhari. Mtu akiisha vuliwa vazi lake chafu, yule aliokotaye jalalani na kumletea tena, akisema, “Hili si lako?” huyo asema kweli, lakini amesimama mahali ambapo Zekaria alimwona Shetani.

Hata hivyo kuna jambo la busara ambalo wazee wenye hofu hutaka kulisema, nao wana haki. “Tumrudishe, lakini je, tumpe na ufunguo wa sanduku?” Manabii hawakutoa kipimo kimoja kwa watu wote. Yoshua alirudishiwa kilemba chake chote. Lakini katika Ezekieli mlango wa 44, Walawi waliokengeuka na kufuata sanamu warudishwa katika nyumba ya Mungu, wakawa walinzi wa malango na wahudumu wa watu, wala hawakaribii tena kutumika kama makuhani. Hawakufukuzwa, tena kazi waliyopewa ni ya nyumbani mwa Bwana na si kazi ya mtumwa. Basi yawezekana mtu awe ndugu kamili mezani pa Bwana, na ufunguo akapewa mwingine, pengine kwa kumhurumia yeye mwenyewe. Bali tukimnyima ufunguo, tusimnyime na kazi, na salamu, na kiti. Mtu aliyerudishwa asipewe la kufanya hajarudishwa. Amewekwa mahali pa kutazamwa.

Na wale walionyang’anywa? Mjane aliyelala njaa kwa sababu ya fedha ile, tumwambie asahau? Sikuona nabii aliyemwambia hivyo. Manabii walisimama upande wake daima, na ndiyo sababu walianza na kurudisha mali. Naye awe wa kwanza kuulizwa barazani, asiwe wa mwisho.

Tena manabii hawakuficha ya kuwa moto huweza kushindwa kwa ajili ya ugumu wa watu. Yeremia, mlango wa sita, aona mifuo ikivuma, risasi imekwisha teketea, na uovu haukutoka. Basi watu wale waitwa fedha iliyokataliwa. Hilo ni neno la kutisha kuliko mengi katika Maandiko. Walakini tuendelee kukisoma kitabu chake. Katika mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, yapata mwaka 587, Wababeli wameuzingira mji, na Yeremia mwenyewe amefungwa, Mungu amwambia anunue shamba la mwana wa amu yake huko Anathothi. Akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aitie katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Nani hununua shamba ambalo adui amekwisha kulikanyaga? Nabii yule yule aliyeona fedha iliyokataliwa sasa apima fedha yake, aweka rehani matumaini yake katika nchi inayowaka moto. Basi hata tukimwona mtu moto umempita bure, tumetazama jana na leo tu; hati ya shamba ingali katika chombo.

Limebaki neno moja, la kukumbuka. Yule mzee wa kwanza alisema, tusahau. Lakini Ezekieli, mlango wa 36, asema kinyume. Watu wakiisha kusafishwa, wakiisha kupewa moyo mpya, wakiisha kukaa katika nchi yao na kula mavuno yake, ndipo watakapozikumbuka njia zao mbaya na kuona haya. Angalieni utaratibu huo: haya haikuja kabla ya rehema, bali baada yake. Moyo wa jiwe hauoni haya, wajitetea. Moyo wa nyama tu ndio uwezao kukumbuka pasipo kukana. Kwa hiyo katika kanisa lenye afya anayekumbuka kosa ni yule aliyesamehewa, akumbuke kwa shukrani na kwa hadhari. Bali jirani yake halitaji. Mara nyingi kwetu mambo yamegeuzwa: mkosaji asahau kabla ya mwaka kwisha, na majirani wakumbuka hata kwa wajukuu wake.

Tena mlango ule ule wasema ya kuwa siku Mungu atakapowasafisha watu wake, ndiyo siku atakapoifanya miji ikaliwe, na mahame yajengwe, na nchi iliyokuwa ukiwa ilimwe. Ni siku moja, wala si siku mbili. Naye Hosea alitaja bonde la Akori, mahali pale Akani alipopigwa kwa mawe pamoja na vitu alivyoviiba, akasema ya kuwa bonde hilo Mungu atalifanya kuwa mlango wa tumaini. Jina lake halikubadilishwa. Akori maana yake ni taabu, na Akori likabaki. Ila sasa kuna njia ipitayo katikati yake, nayo yaelekea nyumbani.